Mtoto wa Karuho Hapigwi Sindano

Mama Philomène nilimfahamu kwa ajili ya sufuria. Kazi yangu ni kuziba masufuria yaliyotoboka, na kambi za Mugunga, kule mwisho wa mji kwenye barabara ya Sake, zina masufuria mengi kuliko chakula cha kuyajaza. Mtu akikimbia vita anabeba sufuria. Moja tu. Hiyo hiyo inapika maharagwe, inateka maji, inaogesha mtoto, mpaka siku inatoboka, ndipo wanaita: "Muzee, kuya uone hii."

Yeye alitoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa la Edouard. Kule alikuwa mwanamke wa samaki, mwenye jiko lake la kukaushia na sauti ya kusikika mpaka majini. Vita ilipofunga barabara ya Rutshuru, alipita njia za msituni na binti yake mgongoni. Bwana wake, Paulin, alibaki kuokoa nyavu, na tangu hapo ni simu tu: leo inashika, kesho haishiki. Pale Mugunga, Philomène alinunua sambaza, wale samaki wadogo wadogo, kwa wavuvi wa ziwa la kwetu hapa, akawaanika juu ya shitingi, lile turubai la plastiki la kambini, akawauza kwa kikombe. Hakuwa mtu wa kulialia. Ukimwambia pole, anakujibu, "Pole ya nini? Nunua sambaza."

Binti yake aliitwa Élodie, miaka minne. Kule Vitshumbi alikuwa akiwafukuza wale makorongo wakubwa wanaongojea matumbo ya samaki. Ndege ni mrefu kuliko mtoto, na ndege ndiye anakimbia. Lakini Mugunga aliacha kukimbia. Kisha akaacha kutembea. "Mama, unibebe. Miguu inauma." Mama yake alidhani ni kudeka. Nani angedhani kitu kingine? Mtoto ametoka mbali, amelala juu ya mawe ya volkano, ataacha kuumwa miguu?

Hema la jirani lilikuwa la Nyirarukundo, mama mmoja mrefu kutoka vilima vya Masisi, watu wa ng'ombe. Alimpenda yule mtoto. Alikuwa akimpa uji wa mtama kila asubuhi, na kabla hajampa, yeye mwenyewe alionja kwanza mbele ya watu, kama desturi ya kwetu Kivu inavyotaka. Huku hakuna anayekupa kikombe bila kukionja. Tunaogopa sumu kuliko bunduki, maana bunduki unaisikia.

Siku moja nilikuwa nimekaa katikati ya hema zao mbili, naziba sufuria ya Nyirarukundo, nikasikia hivi:

"Mama Élodie, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Uko unamupiga mutoto?"

Philomène aliacha kupepeta sambaza. "Nani? Mimi?"

"Ana alama ku miguu. Ku mugongo pia. Nyeusi, kama mutu amepigwa fimbo."

"Sikia huyu! Weye chunga ng'ombe zako, uache mutoto wangu."

"Ng'ombe zangu zilikuliwa na waasi, mama."

"Basi nenda uwaulize hao waasi kama wananipiga mutoto!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini wao wawili hawakucheka. Tangu siku ile hawakusalimiana. Ila mtoto hakujua habari ya ugomvi. Asubuhi alijiburuta kwa makalio mpaka kwa Nyirarukundo, akafungua mdomo kama kifaranga, na yule akaonja uji, akampa.

Kisha homa. Pale kwenye kituo cha kambi walimpa dawa ya malaria, kama wanavyowapa wote, homa ikashuka, ikapanda tena. Ufizi ukaanza kutoka damu. Mtoto akawa mweupe viganja, mweupe midomo, tumbo likavimba upande wa kushoto. Hapo familia ya bwana ikaingia.

Kaka mkubwa wa Paulin anaitwa Ferdinand, anauza mbao, anakaa mtaa wa Mapendo pamoja na mama yao, Ernestine, ambaye wajukuu wanamuita Koko. Ferdinand alikuja na pikipiki, akamtazama mtoto, akamvuta Philomène pembeni.

"Mama Élodie, mutoto huyu anakulaka wapi?"

"Kwangu."

"Kwako tu?"

Philomène alinyamaza kidogo. Aliniambia baadaye kwamba pale aliponyamaza ndipo kila kitu kilianzia. "Na kwa jirani," akasema.

"Ule wa Masisi?"

"Ule."

Ferdinand akapiga ulimi. "Ni karuho."

Karuho ni ile sumu ya siri inayowekwa kwenye chakula, inakula mtu polepole. Wazee wanasema hospitali haiwezi kuiona. Tena wanasema jambo lingine, na hili mulishike, maana ndilo lililotaka kumaliza mtoto: mtu wa karuho hapigwi sindano. Ukimpiga sindano, sumu inakimbilia roho, anakufa palepale. Tumewaona waliokufa hivyo, au tumesikia kwa waliowaona. Mimi mwenyewe niliamini. Sijui kama hata leo sehemu yangu moja haiamini.

Wakampeleka Mapendo kwa mganga wa karuho, Muzee Zihindula, mtu mpole, haombi vingi. Alimnywesha mtoto maji ya majani mabichi. Mtoto akatapika. Katika matapishi kulikuwa na vipande vyeusi, kama ini lililokatwakatwa.

"Angalieni!" Koko Ernestine alipiga vigelegele. "Inatoka! Inatoka!"

Watu wa uwanja wote walikuja kuangalia. Mmoja alitaja mjomba wake, mwingine shangazi, kila mtu na karuho yake. Philomène alilia kwa furaha. Ferdinand akasema sasa wamejua, na kwamba yule mwanamke wa Masisi atasema mbele ya watu alichoweka ndani ya uji. Zihindula akarudia: sindano hapana, seromu ya mshipani hapana, damu hapana. Majani tu, na kungoja.

Habari ilifika Mugunga kabla ya jua kupanda vizuri. Nilikuwa kule. Vijana walikuja kusimama mbele ya hema la Nyirarukundo, hawasemi kitu, wameshika mawe mikononi kama watu wanaopima uzito. Mawe hayakosekani kwetu. Nyirarukundo alitoka, akafunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Muzee, unisindikize Mapendo."

"Kufanya nini kule, mama? Watakupiga."

"Hapa nao watanipiga. Afadhali nipigwe mahali mutoto iko."

Tulitembea. Upande wa Sake mizinga ilikuwa ikilia, bum, kisha kimya, kisha bum. Barabara ilijaa watu wapya wenye magodoro vichwani wanaoingia mjini. Sisi na wao tulikuwa tunaenda upande mmoja, na hakuna aliyeuliza mwenzake anaenda wapi.

Tulipofika uwanjani kwa Ferdinand, hakuna aliyetupiga. Hawakuwa na nafasi. Mtoto alikuwa anatoka damu puani na haikatiki. Wamemweka kitambaa kimejaa, kingine kimejaa, Koko Ernestine anamwagia maji baridi kichwani, haikatiki. Philomène alinyanyua macho, akaona Nyirarukundo, hakutukana. Alisema tu, "Haikatiki."

"Na munaitazama?" Nyirarukundo akasema. "Hospitali!"

"Nyamaza weye!" Ferdinand akapiga kelele. Lakini alikuwa tayari anaita pikipiki. Akamwelekezea Philomène kidole: "Tunaenda wamukatishe damu ya pua. Sindano hapana. Umesikia, mama? Sindano hapana."

Sote tulifuata. Hospitali sitaitaja. Ilijaa siku ile kwa majeruhi kutoka Sake, wamelala mpaka kwenye veranda. Muuguzi aliyetupokea aliitwa Bulonza, mama mfupi wa Bukavu, mwenye maneno ya haraka. Alimjaza mtoto pamba puani, akavuta kope la chini, akaangalia, akavuta lingine. Uso wake ukabadilika.

"Huyu tunamupima damu sasa hivi."

"Sindano hapana," Ferdinand akasema.

"Papa, ni kidole tu. Tone moja."

Ferdinand akafikiri. Unaweza kucheka, lakini mimi sikucheka; alikuwa mtu anayetafuta njia. "Ile ya kidole inatoa," akasema. "Haiingizi kitu. Sawa. Ya kutoa, sawa."

Wakamchoma kidole. Mtoto hakulia. Hata kukunja mkono hakukunja. Hilo lilimtisha Philomène kuliko damu. Alisema mtoto wake angeng'ata mtu kwa kidogo zaidi ya hapo.

Yule wa maabara alikaa na macho kwenye darubini. Akatoka, akaingia na mwenzake. Mwenzake naye akainama, akakaa ameinama. Tulikuwa tunawaona kwa dirisha. Kila bum ya Sake, vioo vinatetemeka, na wale wawili hawanyanyui kichwa. Kisha wakaita daktari, kijana mmoja mwembamba, Dokta Edmond, ambaye koti lake lilikuwa na damu ya watu wengine.

Alituambia akiwa amesimama. "Damu ya mutoto imekwisha. Iliyobaki haimufikishi kesho. Tunamuongezea sasa. Jina la ugonjwa tutaliongea kisha."

"Ana karuho," Ferdinand akasema. "Haongezewi."

"Nani alisema?"

"Alitapika, dokta. Tuliiona kwa macho. Vyeusi."

"Ni damu, papa. Ni damu yake mwenyewe alimeza, inageuka nyeusi ndani ya tumbo."

"Weye ulisoma Uzungu. Hii ni ya kwetu."

Muuguzi Bulonza akaingilia. "Papa Ferdinand, mimi ni wa Bukavu. Karuho uliisikia kwa nani? Kwetu! Mbele ya kuijua weye, bibi yangu alikuwa ameshazikwa nayo. Ninakuambia mupatie mutoto damu."

"Na akikufa na sindano mukononi? Utamwambia nini Paulin? Mimi ndiye nitamwambia!" Sauti yake ilikatika. "Ni mimi nitamwambia mudogo wangu."

Hapo nilimuonea huruma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba mtoto wa mdogo wake na hakujua amuweke chini upande gani.

Daktari aliitwa huku na huku. Akasema, "Mama ndiye atasema. Lakini aseme sasa."

Philomène alikaa kwenye benchi, mtoto mapajani. Kichwa cha Élodie kilianguka nyuma kama cha mtoto wa nguo. Wote tukamtazama. Philomène akamtazama shemeji, akamtazama muuguzi, akatazama ile meza yenye sindano.

Na Nyirarukundo, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote kama mtu aliyekuja kuomba maji, akaingia. Ferdinand akainuka. Nilisimama katikati yao. Mwili wangu si ukuta, lakini ni mwili.

"Mama Élodie," Nyirarukundo akasema, "nisikilize. Siji kwako kwa wema. Nilikuuliza kama unamupiga mutoto, nilikosa. Ulisema nilimupa sumu. Kama nilimupa, kweli, usiache wamupige sindano, atakufa. Lakini kama sikumupa, hakuna karuho. Na kama hakuna karuho, sindano haitamuua. Hawa wote hawajui. Dokta hajui uji wangu. Shemeji yako hajui. Ni weye uliketi mbele ya hema yako kila asubuhi ukinitazama. Uliniona?"

Philomène alimvuta mtoto karibu na kifua.

"Uliniona nikimupa?"

"Nilikuona."

"Basi sema. Nilimupa nini?"

Sijawahi kuona mtu anatafuta ndani ya kichwa chake kwa nguvu namna ile. Alikuwa amemchukia yule mwanamke kwa neno la fimbo. Alikuwa amefurahia kumchukia, maana kumchukia kulikuwa rahisi kuliko kutojua. Na sasa uhai wa mtoto wake ulikaa juu ya swali moja: je, huyu mtu wa Masisi, wa kabila lingine, wa lugha nyingine, ni muuaji au si muuaji? Asingeweza kusema nusu.

"Uji," akasema. "Ulimupa uji."

"Mama Élodie!" Ferdinand akasema.

"Alimupa uji, shemeji. Nilikuwa naangalia. Nilikuwa nimekasirika, nikaangalia zaidi. Ni uji tu." Akamgeukia muuguzi. "Mupige."

"Tunatafuta damu kwanza," Bulonza akasema, na tayari alikuwa anafunga mpira kwenye mkono wa Philomène. "Mifuko yote iliisha kwa majeruhi. Inatoka kwenu. Nani mwingine?"

Nyirarukundo akanyoosha mkono wake mrefu. Ferdinand akafungua mdomo, akaufunga. Wakawapima wote wawili. Ya mama ilifaa. Ya Nyirarukundo haikufaa, ni kundi lingine.

"Kumbe niko mubaya mpaka ku damu," Nyirarukundo akasema, na Philomène, sindano mkononi, machozi usoni, akacheka. Lilikuwa neno lao la kwanza la kirafiki tangu ugomvi.

Ule mfuko ulipotundikwa, ulikuwa bado una joto la mama yake. Bulonza alitafuta mshipa mguuni, akakosa, akatafuta mkononi, akakosa, akatafuta kichwani pembeni ya sikio, akapata. Ferdinand aligeuka ukutani. Alikuwa anasali Salamu Maria kwa haraka, bila kupumzika katikati. Sote tulijua anangoja nini. Mimi nilingoja hilo hilo. Tone likashuka. Lingine likashuka. Mtoto hakusogea. Philomène aliweka vidole viwili chini ya pua ya mtoto, kuhisi pumzi, na hakuvitoa pale, watu wakipita na machela, mizinga ikilia, mtu akilia mlango wa pili, hakuvitoa, mpaka mfuko ulipokuwa umelegea na midomo ya Élodie imeanza kupata rangi, kidogo, kama chai iliyotiwa maziwa mengi.

"Maji," mtoto akasema.

Ferdinand alikwenda kuyatafuta mwenyewe. Aliporudi alionja kwanza, kisha akampa.

Kama habari ingeishia pale ingekuwa nzuri. Lakini Dokta Edmond alirudi, safari hii akavuta kiti na akakaa. Philomène aliniambia, alipoona amekaa, alijua.

"Mama, mutoto wako ana kansa ya damu."

"Kansa si ni ya wazee?"

"Na ya watoto pia. Damu inatengenezewa ndani ya mifupa. Kuna zile nyeupe, ndizo askari wa mwili. Kwake zinazaliwa nyingi, nyingi sana, na hazipigani. Zimejaa nyumba. Damu ya kweli imekosa mahali pa kukaa."

"Kama kwetu Vitshumbi," akasema Philomène.

Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo sababu miguu inauma. Ndiyo sababu zile alama nyeusi."

Philomène akamtazama Nyirarukundo kidogo, kisha akauliza swali ambalo nilijua ataliuliza. "Nani alimupa?"

"Hakuna mutu alimupa."

"Ni mimi? Ni kwa ziwa? Ni kwa kumubeba na mvua?"

"Hakuna, mama. Ilikuja tu."

Hilo lilimvunja. Alikuwa hajalia vile tangu mwanzo. Karuho ina mwenyewe. Unaweza kwenda mlangoni kwake ukapiga kelele. Hii haina mlango. Ferdinand alisimama, akakaa, akasimama, akauliza kama daktari ana hakika. Daktari akasema kipimo cha ndani ya mfupa kitafanyika ng'ambo ya mpaka, akiamka na nguvu na mpaka ukiwa wazi, lakini yeye hana wasiwasi mkubwa juu ya jina.

"Atapona?" Philomène akauliza.

"Wako watoto wanapona. Wako ambao hawaponi. Asiyetibiwa, haponi. Na dawa yake, mama, nikwambie mapema: ni sindano. Mukononi, na mugongoni pia. Siyo moja. Siyo ya mwezi mmoja. Ni miaka."

Nilimuona Ferdinand akifumba macho. Miaka ya sindano, kwa mtu aliyemwacha mtoto karibu kufa kwa kuogopa moja. Aliyafungua, akamwambia shemeji yake kwa sauti ndogo, "Mimi sitasema tena kitu. Utasema weye. Paulin nitamwambia hivyo." Kisha akatoka kwenda Mugunga, kwa miguu, awaambie wale vijana wa mawe kwamba amekosea. Wengine walimsikia. Mmoja alimwambia amehongwa. Nyirarukundo bado analala kwa hema lile, na bado wapo wasiopokea kikombe chake.

Niliwatembelea tena hospitali baada ya kuzunguka kwangu na kazi ya masufuria. Mpaka ulikuwa umefunguliwa kwa muda, wakavuka, wakarudi, na jina lilikuwa lile lile la daktari. Élodie alikuwa amevimba uso kwa dawa, nywele zimeanza kubaki kwenye mto. Nilimkuta mapajani kwa mama yake, wakati Bulonza anaingia na sahani ya sindano.

"Mama, itauma?"

"Itauma," Philomène akasema. "Sitakudanganya."

Bulonza akamshika mkono. Na mtoto, yule ambaye sikumsikia kulia hata kwa kidole, akapiga kelele ya kutoboa mabati. Akarusha mguu, sahani ikaruka. Akamng'ata muuguzi. Akamwita mbwa, akamwita korongo, akamwita mwizi wa samaki, wodi nzima ikaamka, mpaka majeruhi wa veranda wakauliza ni nani anauawa.

"Aksanti!" Bulonza alisema, akifuta mate ya mtoto kwenye mkono wake. "Ushike miguu, mama! Mutoto wako ana nguvu za bure!"

Philomène aliishika miguu. Aliishika kwa mikono miwili na kifua, uso wake karibu na magoti ya mtoto, akipigwa teke la taya, na alikuwa anamwambia mtoto, "Piga, mama yangu. Piga. Piga tena."